Alama Chini ya Mbwa wa Kauri

Wiki mbili zilizopita mlinzi wa getini alinipigia simu nikiwa studio. "Mzee, kuna mama hapa ana mzigo wa kanga. Anasema amekuletea mbwa." Nikashuka ngazi mbio, nikijiuliza ni nani tena nimemuudhi katika maongezi yangu ya wiki.

Mama mwenyewe ni mtu mzima. Nikampa shikamoo, akaitikia, akafungua kanga pale pale kwenye benchi la mlinzi. Walikuwa mbwa wawili kweli, ila wa kauri. Wameketi, weupe wenye mabaka ya kahawia, masikio marefu yaliyolegea, mnyororo wa dhahabu shingoni, na nyuso za wazee wanaosubiri kiinua mgongo. Mkwe wake alikuwa yaya katika nyumba ya Waingereza kule Oysterbay. Mwaka 1961 wale Waingereza walipofunga mizigo kurudi kwao, walimwachia yaya mbwa hao. Tangu hapo wamekaa juu ya kabati.

Sasa mjukuu amechaguliwa kwenda shule ya bweni. Godoro linatakiwa, tranka linatakiwa. Akapita kijana mmoja anayenunua vitu vya kale mitaani. Akawageuza mbwa, akatazama chini, akatikisa kichwa. "Mama, hawa hawana alama ya kiwanda. Kitu kisicho na alama ni takataka. Lakini kwa kuwa nimekuja, chukua elfu thelathini."

"Mwanangu," mama akaniuliza, "nilikusikia siku moja redioni ukizungumza habari za vyombo vya kale. Niambie kweli. Ni takataka au si takataka?"

Nilimwomba aniachie siku chache. Haya mambo nayajua kidogo, na niliyajua kwa kuumia.

Miaka kumi na sita iliyopita nilikwenda Ujerumani kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumapili moja nikaingia kwenye mnada wa vitu vya mitumba, nikaona mbwa mdogo wa kauri, pua bapa, uso umekunjamana. Muuzaji hakunisifia bidhaa yake hata kidogo. Alimgeuza tu yule mbwa, akanionyesha chini. Panga mbili za buluu, zimepishana. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba panga mbili ni Meissen, na Meissen ni mali. Nikatoa karibu posho yote iliyobaki, fedha niliyokuwa nimemwahidi mama yangu cherehani. Nilijiona mjanja kuliko soko zima.

Keshokutwa yake nikamwonyesha mzee mmoja mwenyeji wa mji ule. Hakutazama kwa jicho. Alipitisha ukucha juu ya zile panga, akaniambia nami nipitishe. Ukucha wangu ukakwama kidogo. Rangi ilikuwa juu ya ule utando wa kung'aa, kama rangi ya kucha juu ya ukucha. Panga za kweli huchorwa kwa kobalti kabla ya utando kumiminwa, halafu vyote vikachomwa pamoja, kwa hiyo zinaonekana kama zimezama ndani ya maji. Zangu zilikuwa zinaelea. Mama yangu alisubiri cherehani miaka miwili zaidi.

Ili kuelewa kwa nini mtu ahangaike kughushi panga mbili ndogo, ni lazima turudi nyuma. Kwa karne nyingi Ulaya haikujua kutengeneza kauri. Sisi wa pwani tulikuwa nayo kabla yao, ya kununua, si ya kutengeneza. Nenda Kunduchi ukatazame makaburi ya kale yenye nguzo, utaona mahali palipopachikwa bakuli za Kichina. Nenda Gedi, karibu na Malindi, vigae vyake vimechimbuliwa kwa wingi. Hata jina lenyewe linafurahisha. Sisi tunaita kauri, jina lile lile la simbi wa baharini. Wazungu wanaita porcelain, na asili yake ni neno la Kiitalia, porcellana, ambalo nalo ni jina la simbi yule yule. Watu wawili wasiofahamiana, kila mmoja akashika bakuli la Mchina, na wote wakakumbuka ganda moja.

Aliyeugua zaidi ugonjwa huu wa kauri alikuwa Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, aliyeitwa Mwenye Nguvu. Mwaka 1717 alimpa mfalme wa Prussia askari wa farasi 600, akapewa badala yake vyombo 151 vya kauri. Watu hai, wenye mama zao, wakabadilishwa kwa mitungi! Mpaka leo mitungi ile mikubwa inatajwa kwa jina la askari hao.

Augustus alikuwa pia na mfungwa wake, kijana Johann Friedrich Böttger, aliyejitapa kwamba anaweza kugeuza madini duni yakawa dhahabu. Alimfungia afanye hivyo. Dhahabu haikupatikana, lakini Böttger, akifanya kazi na mtaalamu Tschirnhaus, aligundua mwaka 1708 udongo unaovumilia moto wa nyuzi kama 1,400 ukatoka mweupe na mgumu kama wa China. Mwaka 1710 kiwanda kikaanzishwa, kikawekwa ndani ya ngome ya Meissen ili siri isitoke. Ikatoka. Kufikia 1719 mafundi walikuwa wamekwisha toroshwa hadi Vienna, na mwaka huo huo Böttger akafariki akiwa na miaka 37.

Siri ikishatoka, kinachobaki ni jina. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1722 hivi Meissen walianza kutia chini ya vyombo vyao panga mbili zilizopishana, kutoka katika nembo ya watawala wa Saxony. Panga hizo nazo hazikukaa vile vile. Kati ya 1763 na 1774 ziliwekwa nukta katikati ya vipini. Baadaye, hadi 1814, ikawa nyota. Na ukiona panga zimekatwa kwa mkwaruzo uliochimba utando, usidhani ni ajali. Kiwanda chenyewe kilikwaruza, kuonyesha kwamba kipande kina dosari au kimeuzwa bila kupakwa rangi.

Wanyama ndio waliomsisimua mfalme. Mwaka 1730 aliagiza wanyama na ndege wa kauri, wengi kwa ukubwa wa kweli, wa kujaza jumba lake la Dresden. Kazi ikawaangukia Johann Gottlieb Kirchner, na kuanzia 1731 Johann Joachim Kändler. Udongo ule haukuumbwa kubeba mwili wa simba. Wengi walipasuka katika tanuri, na ufa wao unaonekana mpaka leo. Mfalme mwenyewe alifariki mwaka 1733 kabla kazi haijakamilika.

Hapa kuna kisa ninachokipenda. Kirchner alipoumba kifaru, hakuwa amewahi kumwona. Alifuata picha ya Albrecht Dürer ya mwaka 1515, na Dürer naye hakumwona. Ndiyo maana kifaru yule amevaa kitu kama deraya ya vita, na ana kipembe cha ziada begani. Halafu mwaka 1741 nahodha mmoja Mholanzi alishusha Rotterdam kifaru jike kutoka India aitwaye Clara, akamzungusha Ulaya kwa kiingilio. Mwaka 1747 Clara akafika Dresden, na Kändler akapata kumwona kwa macho yake. Vifaru wa kauri waliofuata walianza kufanana na vifaru. Basi mtu akikuletea kifaru wa Meissen, kabla hujamgeuza kutafuta panga, mtazame bega. Mwili wake unaanza kukueleza umri wake, hata kama chini hamna kitu.

Na mara nyingi chini hamna kitu. Zipo sanamu halisi za Kändler zisizo na panga kabisa. Nyingine zina panga ndogo hafifu mgongoni, karibu na kitako, kwa sababu sehemu ya chini haikutiwa utando. Wakati huo huo zipo feki zenye panga kubwa, safi, zinazokupigia kelele. Mwaka 1845 Edmé Samson alifungua kiwanda Paris cha kunakili vyombo vya kale vya kila nchi, na biashara hiyo iliendelea hadi 1969. Mjini Dresden kwenyewe, Helena Wolfsohn alinunua kauri nyeupe, akaipaka rangi na kutia herufi AR, alama ya Augustus mfalme. Meissen wakampeleka mahakamani, na katika miaka ya 1880 ikabidi aiache.

Uingereza hali ni hiyo hiyo. Kiwanda cha Chelsea kilitumia alama ya nanga, nyekundu kisha ya dhahabu. Nanga ya kweli ni ndogo hata unahitaji miwani. Ukiiona kutoka mlangoni, endelea na safari yako.

Kuna chapa moja, hata hivyo, ambayo haikuwekwa ili kukupendeza. Ni maneno ya forodha. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa, na kuanzia 1891 Marekani ikadai kila bidhaa inayoingia iandikwe nchi ilikotoka. Kwa hiyo sanamu yenye jina la nchi yake kwa Kiingereza haiwezi kwa kawaida kuwa ya mwaka 1850, hata muuzaji aape kwa nani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bidhaa za Japani ziliandikwa kwamba zimetoka Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni. Hiyo ilikuwa kati ya 1947 na 1952 tu. Karani wa forodha hakujua kwamba anawaandikia wanahistoria.

Sasa turudi kwa mbwa wa mama. Hao si Meissen, wala hakuna aliyedai hivyo. Ni mbwa wa Staffordshire, jimbo la wafinyanzi katikati ya Uingereza. Katika karne ya 19 karakana nyingi ndogo zilifinyanga mbwa wa namna hii wawili wawili, mmoja akitazama kulia na mwenzake kushoto, wa kupambia rafu iliyo juu ya meko katika nyumba za watu wa kawaida. Watoto nao walifanya kazi katika karakana hizo. Wengi mno wa mbwa hao hawakutiwa alama yoyote. Nani angehangaika kuweka chapa kwenye kitu cha senti chache? Kwa hiyo yule kijana aliyesema kisicho na alama ni takataka, ama hajui kazi yake, ama anaijua sana.

Nilichofanya ni kuwageuza na kutafuta tundu. Mbwa wa zamani alikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu, vipande viwili vikaunganishwa, na akaachiwa kitundu kidogo tu cha kutolea hewa motoni. Wale wanaoigizwa siku hizi humiminwa kwa udongo wa majimaji, na wengi huachwa na tundu pana chini, linaloweza hata kuingia kidole. Hawa wa mama walikuwa na kitundu cha sindano. Nikatazama dhahabu ya mnyororo. Dhahabu ya zamani ni tulivu, ina rangi ya asali, na hulika pale inaposhikwashikwa. Ile ya kung'aa kama kioo ilienea mwishoni mwa karne hiyo. Hii ilikuwa imelika. Nikatazama nyufa nyembamba za utando, maana waigizaji huzipaka chai zionekane kuukuu, zikatoka na rangi moja mwili mzima. Hizi zilikuwa zimefifia hapa, zimekolea pale. Mwisho nikawaweka ana kwa ana. Nyusi hazikulingana. Mkono wa mtu ulikuwa umezichora, na mkono ule ulichoka.

Mama aliporudi nikamweleza yote, pamoja na lisilofurahisha. Mbwa hawa naona ni wa karne ya 19, lakini walitengenezwa wengi, na wanunuzi wa Uingereza hawawagombei kama zamani. Hawatajenga nyumba. Asiuze mmoja mmoja, asiwasugue kwa dawa ya kusafishia, na asikubali elfu thelathini. Akanisikiliza kwa makini, akawafunga tena, kila mmoja na upande wake wa kanga wasigongane.

Jumanne alinipigia simu. Yule kijana amerudi, na safari hii amepandisha hadi laki moja na nusu.

"Ukamjibu nini, mama?"

"Nikamuuliza, mwanangu, ni lini takataka ikapanda bei?"

Godoro na tranka amevinunua kwa hela za mchezo, zamu yake ilikuwa imefika. Mbwa wamerudi juu ya kabati.