Majina ya Mahali katika Katalogi za Kielektroniki: Mfano wa Nachingwea na Ruangwa

Makala hii inajadili namna mabadiliko ya mipaka ya utawala yanavyoathiri upatikanaji wa maandishi kuhusu Nachingwea na Ruangwa. Chini ya Waingereza, maeneo haya yalikuwa katika Jimbo la Kusini. Baada ya uhuru yakawa katika Mkoa wa Mtwara, na tangu 1971 yamo katika Mkoa wa Lindi. Kwa hiyo, ripoti ya Mradi wa Karanga, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, yaweza kuorodheshwa kwa jina la jimbo pekee. Mtafiti anayetafuta "Lindi" hataiona, ingawa imo katika rafu. Programu ya Koha, iliyobuniwa New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, hupatikana bila malipo na huwezesha jina la zamani kuunganishwa na jipya. Hata hivyo, programu haiijui historia. Kiungo hicho sharti kiwekwe na mkutubi. Nachingwea, iliyotajwa sana kwa sababu ya karanga, huonekana kwa urahisi. Ruangwa hufichika ndani ya majina ya wengine. Makala inahitimisha kwamba kuorodhesha maandishi ni sehemu ya kazi ya mwanahistoria.