Lutaaya, msanii aliyejiimbia matanga

Kampala haikumwamini. Mwaka 1989 Philly Bongoley Lutaaya alirejea kutoka Sweden na kutangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Alikuwa na jina kubwa Uganda nzima, hajatimiza hata miaka 40, na kwa macho alionekana mzima. Maneno yakaanza. Wapo waliosema anatafuta soko la kanda zake, na wengine wakadai kahongwa ili awatishe watu waache starehe. Mgonjwa wa Ukimwi waliyemjua watu wa wakati ule alikuwa mifupa mitupu iliyolazwa chumba cha uani, si mwanamuziki aliyesimama jukwaani.

Yeye alijibu kwa albamu, Alone and Frightened, iliyokuwa ya mwisho kwake.

Lutaaya alizaliwa mwaka 1951, akapitia bendi tangu ujana, akazunguka Kongo na Kenya kabla ya kuhamia Stockholm miaka ya 1980. Huko ndiko alikorekodi Born in Africa, kazi ya mtu aliye mbali anayejivunia kwao. Nyimbo zake za Krismasi nazo husikika Uganda kila Desemba mpaka leo. Albamu ya mwisho ina hali nyingine kabisa. Wimbo uliobeba jina lake unakwenda polepole, karibu na mwendo wa wimbo wa kanisani. Anaimba kwa Kiingereza kuhusu upweke na hofu ya mtu aliyekwisha kupewa majibu yake, kisha anaacha kujihurumia na kuwaita wengine watoke mafichoni. Kwa sikio langu nguvu yake iko hapo: mwimbaji halii, kilio anamwachia msikilizaji.

Albamu za majonzi zipo nyingi duniani. Katika muziki wa kantri wa Marekani, Rosanne Cash alitoa Black Cadillac mwaka 2006, baada ya kumpoteza baba yake Johnny Cash, mama yake Vivian na mama yake wa kambo June Carter, wote ndani ya miaka miwili. Mwishoni aliweka sekunde 71 za ukimya, kwa sababu baba na mama wote walifariki wakiwa na miaka 71. Ni kazi nzuri mno. Lakini Rosanne alikuwa mfiwa. Lutaaya alikuwa mfiwa na marehemu kwa mpigo.

Sisi wa upande huu wa Ziwa Victoria hatuwezi kuisoma habari hii kama ya ugenini. Hapa Igogo, ukishuka upande wa bandari ya Mwanza Kusini, reli inakwenda mpaka majini. Mabehewa husukumwa hadi ndani ya meli ya MV Umoja, yakavushwa na kushushwa Port Bell, jirani na Kampala, yakaendelea na safari juu ya reli za Uganda. Ugonjwa nao haukungoja kugongewa pasi. Nchini Uganda uliripotiwa kwanza Kasensero, kijiji cha wavuvi kilichokuwa wilayani Rakai, mwaka 1982. Mwaka uliofuata wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania wakagunduliwa mkoani Kagera, na kufikia 1986 hakuna mkoa wa Bara uliokuwa umesalimika. Kagera waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizopendwa enzi hizo. Mitaani tukasema fulani kakanyaga miwaya.

Misibani hatukusema hata hayo. Chini ya turubai, kule mlimani ambako nyumba zimebanana na mawe, wasifu wa marehemu ulisomwa na sababu ya kifo ikapewa jina la heshima: aliugua kwa muda mrefu, kifua kilimsumbua, malaria ilimpanda kichwani. Rambirambi ikaandikwa kwenye daftari, kwaya ikaimba, na anayejua akamtazama anayejua mwenzake.

Wanamuziki wengine walilikabili jambo hili kwa njia zao. Franco alitoa Attention na SIDA mwaka 1987, onyo refu la Kifaransa na Kilingala, lakini alionya kama mwalimu, na alipofariki Ubelgiji Oktoba 1989 kilichomuua kilibaki uvumi. Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, alitoa tangazo lake Novemba 23, 1991 na kufariki siku iliyofuata. Remmy Ongala wetu alichagua mzaha wenye makali, Mambo kwa Soksi, wimbo wa kondomu ambao Redio Tanzania iligoma kuupiga. Nampenda Remmy kupita wote hao, ila Remmy alikuwa anatushauri. Lutaaya alikuwa anatoa ushahidi.

Miezi iliyobaki aliimalizia shuleni na makanisani, akisimulia mwenyewe. Watengenezaji filamu walimfuata na kamera, na mwaka 1990 filamu ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani kwa jina la albamu yake ya awali, Born in Africa. Waliobisha walimwona akikonda, ile hoja ya soko la kanda ikajifia. Alifariki Desemba 15, 1989, akiwa na miaka 38, msimu uleule wa nyimbo zake za Krismasi.

Tusimpe sifa zisizo zake. Uganda ilikuwa na serikali iliyokubali kuutaja ugonjwa mapema, na ilikuwa na TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake baada ya mume wake kufariki kwa Ukimwi. Mwanza nayo ilitoa mchango wake kwa njia ya kisayansi. Watafiti wa NIMR, AMREF na wenzao wa London walifanya kazi katika jamii 12 za mkoa huu miaka ya mwanzo ya 1990. Pale tiba ya magonjwa ya zinaa ilipoboreshwa, maambukizi mapya ya virusi yalipungua kwa karibu asilimia 40. Jarida la The Lancet lilichapisha matokeo hayo mwaka 1995. Takwimu zetu zikasomwa dunia nzima, lakini wimbo wa aina ile sikuusikia ukitoka upande huu wa ziwa.

Wakati Lutaaya anarekodi, dawa ya AZT ilikwisha kuruhusiwa Marekani, kwa bei isiyosemeka huku kwetu. Tanzania ilianza kugawa ARV bure mwaka 2004. Kijana wa Igogo anayechukua dozi yake kliniki asubuhi na kuwahi zamu kwenye kiwanda cha minofu anaweza kudhani wimbo wa Lutaaya ni wa zama za kale. Ukibahatika utausikia redioni Desemba mosi, Siku ya Ukimwi Duniani. Mimi ningeupiga Oktoba 17, siku ambayo Waganda wameitenga kumkumbuka, kisha ningeurudia usiku kwa ajili ya waliokuwa kazini.