Vyama vya Sinema katika Kerala

Sinema ni sanaa ya gharama. Mshairi hutosheka na kalamu na karatasi. Mtengenezaji wa filamu huhitaji mitambo, mafundi na fedha nyingi. Kwa hiyo, aghalabu mwenye mali ndiye huamua umma utazame nini. Historia ya vyama vya sinema vya Bara Hindi ni historia ya watazamaji walioikataa hukumu hiyo.

Mwaka 1947 Satyajit Ray, Chidananda Das Gupta na wenzao waliunda chama cha sinema mjini Calcutta. Wanachama walitoa ada, wakatazama filamu za mataifa mengine zisizoletwa na majumba ya biashara, kisha wakazijadili. Vyama kama hicho vilichipuka kwingineko, lakini kidole kimoja hakivunji chawa: chama cha mji mdogo hakikuwa na uwezo wa kuagiza filamu ng'ambo. Mwaka 1959 vyama viliungana katika shirikisho, na Ray akawa rais wake. Tangu hapo nakala moja iliweza kusafiri kutoka chama hiki hata kile, na mzigo wa mmoja ukawa wa wengi.

Jimbo la Kerala, kusini, lilinufaika sana. Mwaka 1965 Adoor Gopalakrishnan na wenzake walianzisha chama cha Chitralekha mjini Trivandrum. Pamoja nacho uliundwa ushirika wa kutengeneza filamu, ambao mwaka 1972 ulitoa *Swayamvaram*. Waliokuwa watazamaji sasa walikuwa watendaji.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya ujasiri zaidi. Mwaka 1984 John Abraham na rafiki zake waliunda kundi la Odessa. Walizunguka vijijini wakionyesha filamu na kupokea michango midogo ya watazamaji. Haba na haba ilijaza kibaba: mwaka 1986 filamu *Amma Ariyan* ilikamilika bila ya tajiri wa kuidai faida. John Abraham alifariki mwaka uliofuata, lakini alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba mwanakijiji aweza kuwa mwenye filamu, si mnunuzi wa tikiti tu.

Yafaa wanaopenda kuvisaidia vyama vya namna hii wazingatie mpango huu. Shirikisho lilileta filamu, chama kikakuza macho ya kuzitazama, na umma ukatoa senti zake. Kikosekanapo kimoja, viwili vilivyobaki havisimami. Chama hakiishi kwa sifa. Huishi kwa kupata kitu cha kuonyesha, na watu wa kukijadili.