Kiganja Kabla ya Sindano: Hoja ya Mguso katika Kutuliza Maumivu ya Mtoto Njiti

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki ya 37, huchomwa kisigino mara kwa mara katika siku zake za mwanzo ili apimwe sukari, manjano na maambukizi. Kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba neva za kichanga hazijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu, na wapo vichanga waliopasuliwa bila ganzi ya kutosha. Mwaka 1987 Anand na Hickey walipinga imani hiyo katika jarida la New England Journal of Medicine. Leo tunajua kwamba njia za kuhisi maumivu zimeshajengeka kwa njiti. Zinazochelewa kukomaa ni zile za kuyazuia. Kwa hiyo makala hii inadai kwamba mguso ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si hisani ya muuguzi aliyepata nafasi.

Si kila mguso hutuliza. Ngozi ya njiti ni nyembamba, na kumsugua humsumbua. Kinachomfaa ni kushikwa kwa utulivu: kiganja kimoja kinafunika kichwa, kingine kinaikunja miguu kuelekea tumboni, navyo vinabaki hapo kabla ya sindano, wakati wa sindano, na baadaye mpaka paji la uso likunjuke na pumzi zitulie. Bora zaidi ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa Bogotá mwaka 1978 na daktari Edgar Rey kwa sababu inkubeta hazikutosha. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na Cochrane yameonyesha kwamba njia hiyo hupunguza dalili za maumivu mtoto anapochomwa.

Wapo watakaotaja jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2024: wazazi walipapasa mguu wa mtoto kwa sekunde 10 hivi, wengine kabla ya kuchomwa, wengine baada, na mwitikio wa ubongo haukutofautiana. Jaribio hilo lilihusu watoto waliozaliwa mimba ikiwa imetimiza wiki 35 au zaidi, tena mguso wa muda mfupi. Haliifuti hoja yetu. Linatufundisha kwamba namna ya mguso na muda wake ni mambo ya kupimwa, kama dozi.

Pingamizi zito zaidi ni uchache wa wauguzi. Lakini mikono inayohitajika ni ya mama, mradi asizuiwe mlangoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, uliwaweka mama na watoto wenye uzito mdogo pamoja, ngozi kwa ngozi, tangu mwanzo, katika wodi ya uangalizi maalumu. Vifo ndani ya siku 28 vilipungua kwa asilimia 25.

Basi fomu inayoandika saa ya kuchomwa na kiasi cha sukari iwe na mstari mmoja zaidi: nani alimshika mtoto, na kwa muda gani. Mstari huo ukiwa mtupu, sindano isubiri mama aitwe, isipokuwa pale uhai wa mtoto usipoweza kungoja.