Milia ya Usiku Mmoja

Mwenye kuunda modeli ya ndege ya kivita hukabiliwa na swali kabla hajafungua kopo la rangi: ndege hii ni ya siku gani? Aghalabu watu huuliza aina yake tu, na wakishajua kuwa ni Hawker Typhoon ya Uingereza, hudhani kazi imekwisha. Walakini aina haina rubani wala kiwanja. Iliyoruka ni ndege moja, yenye namba yake, asubuhi moja; na alama zake ndizo hati ya asubuhi hiyo.

Typhoon zilizoundwa zilizidi 3,300. Iliyosalia nzima ni moja tu, MN235, mali ya makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza. Nayo ilipelekwa Marekani mwaka 1944 kwa majaribio, na haikupata kupigana. Kwa hiyo mwenye kuifuata hiyo huunda ndege isiyoiona vita. Anayeitaka Typhoon ya Normandy hana budi kurejea picha na kumbukumbu za vikosi.

Katika picha hizo, jambo la kwanza kuonekana ni milia mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, iliyozunguka mabawa na kiwiliwili cha ndege. Asili yake ni msiba. Usiku wa tarehe 11 Julai 1943, ndege 144 zilizobeba askari wa miavuli wa Marekani zilikuwa zikielekea kisiwa cha Sicily. Mizinga ya upande wao wenyewe, ya melini na ya nchi kavu, iliziangusha 23 na kuziharibu 37. Ulipokaribia wakati wa kuvuka kwenda Normandy, wakuu wa majeshi walikusudia kwamba kosa hilo lisirudiwe. Mpango wa milia ukawekwa siri hadi dakika za mwisho, adui asije akauiga. Vikosi vya ndege za kivita viliamriwa kupaka tarehe 4 Juni 1944. Askari walishuka pwani tarehe 6.

Ndipo mafundi wa viwanjani wakashika brashi. Kwa ndege ya injini moja, kila mlia ulitakiwa uwe na upana wa inchi 18, yaani kama sentimita 46. Ndege zilikuwa maelfu na muda ulikuwa saa chache. Wahenga walisema haraka haina baraka, lakini haraka ile ilikusudiwa kuokoa roho za watu. Ndiyo maana katika picha nyingi kingo za milia zimepinda, na alama za brashi zimebaki.

Katika modeli ya kipimo cha 1 kwa 72, mlia huo huwa na upana wa milimita 6 na kidogo, na upotofu wa unywele huonekana. Muundaji hushawishika kuunyoosha kwa utepe, upendeze. Hapo ndipo anapoifuta kazi ya usiku ule.

Milia hiyo pia ni kalenda. Vikosi vya 198 na 609 viliposhambulia rada karibu na Dieppe tarehe 2 Juni, Typhoon zao zilikuwa bado hazijapakwa. Siku nne baadaye zilikuwa nayo. Baada ya mwezi mmoja hivi, ya sehemu za juu ikaanza kuondolewa, kwa kuwa ndege zilizolala katika viwanja vya Normandy zilionekana upesi kutoka angani. Isichanganywe na milia ya chini ya mabawa iliyopakwa Typhoon tangu mwisho wa 1942 hadi mwanzo wa 1944, zilipokuwa zikidhaniwa kuwa Focke-Wulf 190 za Wajerumani.

Silaha nazo zina ushahidi wao. Kila Typhoon ya wakati huo ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20 mabawani. Chini ya mabawa ingeweza kuchukua roketi nane, au mabomu mawili. Lakini vikosi havikubadilishana mizigo hiyo ovyo. Kikosi cha 609, chenye herufi PR ubavuni, kilikuwa cha roketi. Vya Wakanada, 438, 439 na 440, vilikuwa vya mabomu. Mwenye kubandika herufi za kikosi kimoja na kutundika silaha za kingine ameunda ndege isiyopata kuwako, hata kama kila kipande chake ni sahihi.

Majina ya marubani yamo vitabuni, na mara nyingine hata herufi ya ndege aliyoirusha kila mmoja. Ya waliopaka milia ile ni nadra kutajwa. Walichokiacha ni ukingo uliopinda, ambao mkono wa muundaji unaweza kuuhifadhi au kuunyoosha.