Mahadhi Yasiyo na Maneno: Muziki wa Michezo ya Video katika Mizani ya Ushairi wa Mvita

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuuanza wimbo kwa maneno yake na kuumaliza kwa maneno hayo hayo. Mhakiki wa taarabu hutafuta fumbo, sitiari, lahaja na ujumbe. Mahadhi huachiwa sentensi moja, kisha hupitwa. Mazoea haya yana sababu, kwani maneno hukaa kwenye karatasi ilhali sauti haikai. Hata hivyo, yameacha swali lisilojibiwa. Iwapo ushairi wa Kiswahili ni wimbo, kama walivyoshikilia mabingwa wake, ni kazi gani ifanywayo na mahadhi ambayo maneno hayaifanyi?

Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kupitia zao ambalo wahakiki hawajazoea kulitazama: muziki wa michezo ya video ya kuruka majukwaa, yaani michezo ambayo mhusika hukimbia na kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Michezo hiyo ilistawi baina ya 1981 na katikati ya miaka ya 1990, na muziki wake aghalabu hauna maneno hata moja. Mahali pa kuusikilizia ni Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, jirani na Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga 1593. Kibokoni haikuchaguliwa kwa kuwa michezo hiyo ilizaliwa huko, bali kwa kuwa Mji wa Kale una historia ndefu ya kuyapokea mahadhi ya kigeni na kuyakalisha. Inadaiwa humu kwamba hali, yaani ule mwelekeo wa moyo unaomshika msikilizaji kabla hajaelezwa jambo lolote, hutokana na ufinyu wa chombo, marudio, na mwendo wa mwili. Aidha, inadaiwa kwamba nadharia ya ushairi wa Kiswahili ina istilahi za kuyaeleza yote matatu.

Mahadhi katika Nadharia ya Ushairi

K. Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), aliufungamanisha ushairi na uimbaji kiasi kwamba vina na mizani kwake ni maandalizi ya sauti. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), naye aliusisitiza uhusiano wa tungo na namna zinavyoimbwa. Mabishano makali ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru yaliisogeza hoja hii pembeni. Waliotetea arudhi walionekana kutetea hesabu ya silabi, na waliozipinga walionekana kupinga hesabu hiyo. Sauti yenyewe, ambayo kwa ajili yake hesabu iliwekwa, haikupata mtetezi wa kutosha katika kambi yoyote.

Matokeo yake ni kwamba istilahi zilibaki bila kutumiwa ipasavyo. Mizani ni kipimo cha pumzi. Kibwagizo ni kauli inayorudi mwishoni mwa kila ubeti. Mahadhi ni njia ambayo sauti huifuata. Hakuna lolote kati ya haya matatu linalohitaji maana ya neno ili lifanye kazi.

Mji wa Kale na Mahadhi ya Kuazima

Historia ya taarabu ya Mombasa inathibitisha jambo hili. Filamu za Kihindi zilipoonyeshwa katika majumba ya sinema ya mji huo, nyimbo zake zilitoka ukumbini pamoja na watazamaji. Wengi wa waliozisikia hawakuifahamu lugha yake. Kwao nyimbo hizo zilikuwa mahadhi matupu, na juu ya mahadhi hayo ndipo washairi wa Kiswahili walipopima maneno yao. Mwimbaji aliyevuma kuliko wote katika mtindo huu ni Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014. Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971), ni miongoni mwa waliomtungia mashairi.

Utaratibu huo unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika mtindo huu mshairi hakutunga kisha akatafutiwa sauti, sauti ilitangulia. Mtunzi aliyepewa mahadhi ya majonzi alilazimika kuamua ama kuyafuata ama kuyapinga, lakini hakuweza kujifanya hayapo. Hali ilikwisha kuwekwa kabla ya ubeti wa kwanza kuandikwa. Basi mhakiki anayeuanza uchambuzi kwa maneno anaanza katikati ya safari.

Ala nazo zilisafiri. Mnamo 1912 Goro Morita wa Nagoya, Japani, alibuni kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo vinavyofanana na vya taipureta. Bara Hindi lilikipokea kwa jina la bulbul tarang, na pwani ya Waswahili ikakiita tashkota. Kundi la Zuhura Swaleh la Mombasa ni miongoni mwa yaliyokifanya kisikike sana katika taarabu yenye mdundo wa chakacha. Hivyo basi, miongo kadhaa kabla ya michezo ya video, sauti ya vibonyezo vilivyobuniwa Japani ilikuwa imekwisha kuzoeleka katika arusi za Mvita.

Miaka ya 1990 ikaleta wimbi jingine. Mashine za michezo za Kijapani, na zaidi nakala zake za bei nafuu zilizoundwa kwingineko Asia, zilienea katika miji ya Afrika Mashariki na kuunganishwa na runinga. Neno hilo runinga linanasibishwa na malenga Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017), aliyeishi Mombasa na kujitolea kuunda istilahi za vyombo vya kisasa. Pwani ililipatia sanduku hilo jina la Kiswahili. Lililokuwa likiimbwa ndani yake halikupata mhakiki.

Arudhi ya Mashine

Ufinyu ndio uliokuwa sheria ya kwanza ya muziki huu. Mashine ya Famicom, iliyotolewa na kampuni ya Nintendo 1983, ilikuwa na mikondo mitano tu ya sauti: miwili ya mawimbi ya mraba, mmoja wa wimbi la pembetatu, mmoja wa mchakacho, na mmoja wa vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Mchezo mzima wa Super Mario Bros. wa 1985, pamoja na picha, kanuni na muziki wake, ulitoshea katika kilobaiti 40. Isitoshe, mlio wa kuruka au wa kuokota sarafu ulipohitajika, uliunyang'anya muziki mkondo mmoja kwa nukta chache.

Koji Kondo, mtunzi wa mchezo huo, alijiunga na Nintendo 1984. Amepata kueleza kwamba jaribio lake la kwanza halikuafikiana na mwendo wa mhusika, akaliacha na kutunga upya kwa kufuata kasi ya kukimbia na kuruka. Kauli hiyo ina uzito kwa mwanafunzi wa arudhi. Kipimo cha mtunzi huyu hakikuwa uzuri wa sauti peke yake, bali mwili unaotembea. Juu ya ardhi mdundo wake unarukaruka. Chini ya ardhi sauti zinapungua na ukimya unaongezeka. Majini mdundo unageuka kuwa wa hesabu ya tatu, wa kuyumba. Mchezaji hahitaji kuambiwa kwamba maji ni mazito, kwani sikio limekwisha kumwarifu.

Jambo hili ndilo mizani hulifanya. Mshairi wa tarbia mwenye mizani kumi na sita katika mshororo hana nafasi ya neno la ziada, na kwa sababu hiyo kila neno linalobaki hubeba zaidi. Ufinyu haukuzuia hali, uliikoleza. Kinyume chake pia kipo. David Wise, alipoutungia muziki Donkey Kong Country (1994) wa kampuni ya Rare ya Uingereza, alikuwa na mashine ya Super Nintendo yenye mikondo minane na kilobaiti 64 za kumbukumbu ya sauti. Aliunganisha vipande vidogo vidogo vya mawimbi hadi vikatoa sauti inayotanda, na kipande chake cha hatua za majini kikawa na majonzi ambayo hadithi ya mchezo, yenye nyani wanaotafuta ndizi zao, haikuyadai. Hapa mahadhi yalikwenda mbali kuliko kisa, kama yaendavyo mara nyingi katika taarabu.

Kibwagizo na Hatari

Sheria ya pili ni marudio. Kipande cha ardhini cha Super Mario Bros. hakifiki dakika mbili, nacho hurudi tena na tena kwa kadiri mchezaji atakavyokawia. Msikilizaji wa nje huweza kuona kuwa ni uchovu. Lakini kila kinaporudi, mchezaji hayuko pale alipokuwa; mbele yake pana shimo jingine na adui mwingine. Kibwagizo cha shairi hufanya vivyo hivyo. Maneno yake hayabadiliki, ila ubeti uliokitangulia umebadilika, na kwa hiyo uzito wake umebadilika. Muda uliosalia unaposhuka chini ya 100, Kondo hatungi wimbo mpya. Anauharakisha ule ule. Hofu inazaliwa kutokana na kasi, kwa kuwa kasi ya awali imekwisha kukaa mwilini.

Hirokazu Tanaka alilitumia jambo hili kwa njia ya kunyima. Katika Metroid (1986) alikusudia kuufuta mpaka baina ya muziki na milio ya mazingira, na akamnyima mchezaji mahadhi yenye kuimbika kwa sehemu kubwa ya safari, hadi adui wa mwisho aliposhindwa. Faraja ya mwisho inatokana na kiu iliyotangulia. Mhakiki aliyeusoma utenzi mrefu ambao mtunzi wake ameahirisha kutaja jambo kuu ataitambua mbinu hii mara moja.

Suala la utunzi nalo halipaswi kusahauliwa. Kinuyo Yamashita, aliyeshirikiana na Satoe Terashima kuutungia muziki mchezo wa Castlevania (1986), alitajwa katika mchezo huo kwa jina la mzaha, James Banana. Manami Matsumae aliitungia kampuni ya Capcom muziki wa Mega Man (1987). Wanawake hawa walitunga mahadhi yaliyosikika dunia nzima ilhali wachezaji wengi hawakuyajua majina yao. Fasihi ya Kiswahili, ambayo nyimbo nyingi za wanawake wake zimehifadhiwa bila jina la mtunzi, haina udhuru wa kutolielewa jambo hilo.

Kioo cha Upande wa Pili

Yawezekana kupinga kwamba muziki usio na maneno si fasihi, na hivyo haumhusu mhakiki. Pingamizi hili lina ukweli, lakini halitoshi. Hoja si kuuita muziki huo fasihi. Hoja ni kwamba unatupatia kile ambacho taarabu haiwezi kutupatia: mahadhi yakiwa peke yake, ili ionekane yanaweza nini.

Mfano wa kinyume unaikamilisha hoja. Mwaka 2005 Christopher Tin aliutungia mchezo wa Civilization IV, ambao ni wa mikakati na si wa majukwaa, wimbo uitwao Baba Yetu. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukawa wimbo wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Mamilioni waliousikia hawakuelewa hata neno moja, na bado waliguswa. Kwao Kiswahili chenyewe kilikuwa mahadhi. Walisimama mbele ya lugha hii kama wakazi wa Mji wa Kale walivyosimama mbele ya nyimbo za filamu za Kihindi. Tofauti ni moja: Mombasa ilijibu kwa kutunga maneno yake juu ya sauti ngeni, ilhali wasikilizaji hao waliipokea sauti na kuishia hapo.

Hitimisho

Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliyaingiza mahadhi ya ardhini ya Super Mario Bros. katika sajili yake ya rekodi za kuhifadhiwa, yakiwa ya kwanza kutoka katika mchezo wa video. Taasisi ya kumbukumbu ilitambua kwamba muziki uliotungwa kwa mikondo michache ya sauti ni urithi. Urithi wa Mvita unadai utambuzi wa namna hiyo hiyo. Diwani za washairi wake zimechapishwa na kuhaririwa. Mahadhi ambayo mashairi hayo yalipimiwa yamebaki katika kanda zinazochakaa na katika masikio ya wazee wanaozidi kupungua. Ikiwa mhakiki ataendelea kungoja maneno ndipo aanze kazi, atakayempata mwishoni ni nusu ya mshairi. Kazi ya kurekodi, kuainisha na kueleza mahadhi, kwa istilahi ambazo tayari zimo katika lugha, inafaa ianze wakati waimbaji wa kuulizwa wangalipo.