Kuti kavu la Taifa Stars na swali la babu

Nilikuwa kimya wiki mbili hizi, nilikwenda Ifakara kumjulia hali babu mzaa mama. Nimerudi Dar na kiroba cha mchele wa bondeni, pamoja na swali ambalo limeninyima usingizi kidogo.

Kwanza nikiri kosa. Mimi ni mwandishi wa habari za michezo, na kama kuna maneno niliyoyaandika mara nyingi kuliko jina langu ni haya: "kocha amekalia kuti kavu". Stars ikifungwa mechi mbili mfululizo, mhariri hana haja ya kunituma. Napiga simu kwa wachezaji wa zamani watatu, wote wanasema kocha aondoke, habari imekamilika. Nalala vizuri.

Sasa jioni moja tumekaa nje na babu, si mbali na reli ya TAZARA, namsimulia kazi yangu hiyo. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, aliyetuvusha Ndola ni nani?" Nikajibu kwa kujiamini kabisa: Mpolandi, Slawomir Wolk. Babu akacheka mpaka akakohoa. "Huyo ni wa Lagos. Ndola ni Bendera. Yule yule mkuu wa mkoa wetu."

Nilinyamaza. Joel Bendera nilimjua nikiwa mtoto kama mkuu wa mkoa wa Morogoro, miaka ya mwanzo ya 2010, jina linalotajwa redioni pamoja na migogoro ya wakulima na wafugaji wa Bonde la Kilombero. Kumbe mzee huyo ndiye aliyekuwa na timu Agosti 1979. Stars iliifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha ikaenda kurudiana Ndola, ambako ukipita kwa reli hii ya Ifakara unashukia Kapiri Mposhi na safari iliyobaki si ndefu. Peter Tino akafunga, mechi ikaisha 1-1, tukafuzu. Tukumbuke fainali za 1980 zilikuwa na timu 8 tu Afrika nzima. Za 2019 zilikuwa na timu 24.

Lakini Lagos kocha mkuu alikuwa Wolk. Tukafungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Baada ya hapo tukasubiri miaka 39.

Katika miaka hiyo 39 hatukukosa makocha. Wa karibuni tu mnawakumbuka. Marcio Maximo kutoka Brazil alikuja 2006, mshahara wake ukalipwa na serikali ya Rais Kikwete, akakaa miaka minne na kutupeleka CHAN ya 2009 kule Ivory Coast. Akafuata Jan Poulsen, kisha Kim Poulsen, kisha Mart Nooij. Nooij alitimuliwa Juni 2015 baada ya Uganda kutufunga 3-0 Zanzibar. Akaingia Charles Boniface Mkwasa, nchi nzima ikapumua. Novemba mwaka huo huo tukatoka sare 2-2 na Algeria nyumbani, tukaanza kuota, siku chache baadaye kule Blida tukala 7-0.

Kocha mpya, dawa mpya, ugonjwa ule ule.

Mwaka 2019 tulifuzu tena, chini ya Emmanuel Amunike, kwa kuifunga Uganda 3-0. Safari ile ilianza 2017 mikononi mwa Salum Mayanga. Kule Misri tukapoteza mechi zote tatu, na Julai Amunike akaondoka. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, na nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele aende. Sikujiuliza hata siku moja kilichokuwa kimebadilika mpaka tukafika huko. Mbwana Samatta alikwishapita TP Mazembe na wakati huo alikuwa Genk. Hilo halikuletwa na kocha wa Stars, na wala kocha wa Stars hakuleta ule uamuzi wa kusimamisha UMITASHUMTA na UMISSETA mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto waliokosa michezo shuleni wakati ule ndio waliotakiwa kuvaa jezi ya taifa miaka kumi baadaye. Hatukuandika kwamba aliyewafungia alikalia kuti kavu.

Kwenye tenisi angalau mchezaji anamlipa kocha mwenyewe, akimchoka anaachana naye. Emma Raducanu alishinda US Open 2021 na wiki mbili baadaye akaachana na kocha wake, Andrew Richardson. Rafael Nadal alifundishwa na ami yake Toni tangu utotoni mpaka 2017. Wote mabingwa. Kwa hiyo hakuna kanuni. Tofauti ni kwamba mchezaji wa tenisi akibadilisha kocha na bado akafungwa, anabaki peke yake na kioo. Sisi hatubaki na kioo, tunabaki na kocha mwingine wa kufukuza.

Najua mtakachosema. Novemba 2024 Hemed Suleiman "Morocco", mzalendo kama Bendera, alitufikisha AFCON ya 2025 kwa kuifunga Guinea 1-0. Mwaka mmoja baadaye, wiki chache kabla ya fainali, akaachana na timu, Miguel Gamondi akapewa kwa muda. Tukafungwa na Nigeria, tukatoka sare na Uganda na Tunisia, tukavuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia. Si unaona, kubadilisha kocha kunasaidia!

Nilimpelekea babu hoja hiyo kwa simu juzi. Akaniuliza, "Gamondi alipanda au alivuna?" Babu amelima mpunga bondeni maisha yake yote, kwa hiyo kila kitu kwake ni mpunga. Nilimwambia Gamondi alivuna vizuri. Akasema, "Sawa, mvunaji mzuri alipwe. Lakini msimsahau aliyepanda, na mwaka ambao maji hayakuja msimfukuze mkulima."

Mzee Bendera alifariki Desemba 2017. Hakuiona Stars ikirudi AFCON. Alikuwa mkuu wa mkoa wetu kwa miaka, naye sikuwahi kumuuliza swali hata moja kuhusu Ndola.

Sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Wapo wanaostahili. Ila mara nyingine Stars ikiyumba, kabla sijapiga zile simu tatu, nitakwenda kwanza kuangalia watoto wanacheza wapi, na nani anawafundisha.

Wadau, mnasemaje? Nawasilisha.